Likizo ya kiangazi watoto wako nyumbani: jinsi ya kuwafanya waendelee kujifunza bila kugeuza sebule kuwa darasa

Likizo ya kiangazi ni ndefu jamani. Uingereza ni kama wiki 6, Marekani inafika 10 au 11, Italia inaweza kuzidi 12, na muda wote huo mtoto aliyezoea kuamshwa, kufundishwa na kupewa homuweki ghafla hana wa kumwambia afanye nini. Hapo sisi wazazi tunagawanyika makundi mawili, kuna wale wanaotunga ratiba kali imebandikwa ukutani kwa rangi, saa tatu hesabu saa nne sayansi saa tano kusoma, inadumu siku nne afu inakufa kifo cha kawaida, na kuna wale wanaosema mwacheni mtoto apumzike bana, wanakuja kushtuka siku shule zinafunguliwa mtoto anaishika kalamu kama kitu cha jirani.

Mi nasimama katikati lakini si katikati ya "kila kitu kwa kiasi", hapana. Nasema hivi: kiwepo kitu kidogo sana cha lazima kila siku, kiwepo kitu kimoja kikubwa ambacho mtoto amekichagua mwenyewe, na muda uliobaki umwachie. Ndo mwongozo wote, yanayofuata ni namna ya kuufanya ukae.

Kuhusu hili suala la watoto kusahau, lipo ila lisikutie presha kupita kiasi. Mwaka 1996 mtafiti Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39 za Marekani wakaona kwa wastani mtoto anarudi shule akiwa nyuma kama mwezi mmoja wa masomo, na hesabu inaumia kuliko kusoma. Baadaye wengine wakaja kuhoji, mmoja ni Paul von Hippel mwaka 2019, kwamba namna mitihani ilivyopimwa zamani inaweza kuwa imelikuza tatizo. Kwa hiyo ukubwa wake bado wanabishana. Ila kwamba kitu usichokirudia kinafutika, hilo mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishalionyesha tangu 1885, na wewe mwenyewe unalijua, jaribu kukumbuka saivi namna ya kugawanya sehemu kwa sehemu, zile za nusu na robo.

Hatua ya 1: Jua mtoto yuko wapi kabla hujanunua chochote

Shule zikifungwa tu, kabla madaftari hayajachanwa kutengenezea ndege za karatasi, yachukue. Chukua na mitihani ya mwisho. Kaa na mtoto mpitie, si kwa kumgombeza, ukianza na "hii ndo nini sasa" umeshamaliza likizo yake siku ya kwanza. Usiangalie maksi, angalia makosa yanayojirudia.

Mfano, mtoto kapewa 502 kutoa 178, kaandika 476. Ukiangalia haraka unasema hajui kutoa. Angalia tena: 5 toa 1 ni 4, halafu pale katikati kuna 0 toa 7, yeye kaona haiwezekani kageuza, 7 toa 0 ni 7, na mwisho 2 toa 8 kageuza tena, 8 toa 2 ni 6. Yaani kutoa anajua vizuri kabisa, kitu asichokijua ni kukopa, hasa pale anapokuta sifuri. Jibu ni 324 na tatizo lake ni moja tu, linarekebishika wiki mbili za dakika kumi kumi. Sasa linganisha na kumnunulia kitabu kizima cha mazoezi ya darasa zima, atarudia vitu anavyovijua kurasa 60 na lile la sifuri litampita vilevile.

Toka hapo na mambo mawili tu ya kushughulikia likizo nzima, moja la hesabu na moja la kusoma au kuandika. Mawili. Najua umeona saba.

Hatua ya 2: Tafuta saa ambayo haitahama

Wadogo wa darasa la kwanza na la pili dakika 20 zinatosha, wakubwa kidogo 30 mpaka 40, siku tano kwa wiki, wikiendi hakuna. Na usiifunge kwenye saa ya ukutani, ifunge kwenye tukio ambalo litakuwepo hata siku ya vurugu. Wengi asubuhi ndo inafanya kazi, mkishamaliza chai na kabla kitu chochote chenye kioo hakijawashwa, kwa sababu kumtoa mtoto kwenye gemu aje kwenye tebo ya saba ni vita ambayo hata ukishinda umepoteza.

Kama unafanya kazi asubuhi mpaka jioni basi hamishia jioni, kabla ya chakula, au mwachie dada yake mkubwa asimamie sehemu ya kusoma na wewe ukirudi ufanye hesabu. Siku mkisafiri au mkiwa na wageni, siku hiyo imeenda, usije ukailipiza kesho kwa kumpa dakika 60, mtoto ataanza kuona kila raha ina deni.

Halafu mpe kauli. Aanze na kipi, akae wapi, kalamu ya rangi gani. Kuamua kama inafanyika au haifanyiki, hiyo si yake. Ukimpa mengine yote kwa moyo mweupe hiyo moja haipiganii sana.

Hatua ya 3: Kusoma, na hapa nakaa kidogo

Kama ungekuwa na nguvu ya kufanya kitu kimoja tu likizo nzima, fanya hiki. Huko Florida, Marekani, watafiti Richard Allington na Anne McGill-Franzen na wenzao waliwapa watoto wa familia zenye kipato kidogo vitabu 12 kila likizo ya kiangazi, likizo tatu mfululizo, wakaondoka zao, hakuna tuisheni hakuna maswali. Waliopewa vitabu wakasoma vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Na jambo ambalo watu wanaliruka kwenye hiyo habari ni kwamba watoto walichagua vitabu wenyewe. Wengi walichukua vya wasanii na wanamichezo, vitu ambavyo mwalimu asingevipanga.

Kwa hiyo mwache achague. Kitabu cha katuni ni kitabu. Kitabu cha rekodi za ajabu ni kitabu. Kitabu alichosoma mara ya tano ni kitabu, tena kurudia kunamfanya asome kwa wepesi. Kazi yako ni kuhakikisha vipo, na kama kuna maktaba karibu, zinazoazimisha bure mara nyingi zina mpango maalum wa watoto wakati wa likizo, kaulize. Kama vitabu vya Kiswahili ni shida huko ulipo, African Storybook ipo kwenye intaneti, hadithi ni za bure, zimepangwa kwa ngazi, na Kiswahili kimo, unapakua au unaprinti.

Kupima kama kitabu si kigumu kwake kuna njia ya vidole vitano ambayo walimu wanaitumia sana: afungue ukurasa wowote wa katikati, asome, kila neno asilolijua anakunja kidole, vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa basi hicho msome pamoja, peke yake kitamchosha. Sio sheria ya mahakama lakini inasaidia, na watoto wanapenda kwa sababu wanajipima wenyewe.

Endelea kumsomea hata kama anajua kusoma. Watu wengi wanaacha siku mtoto akianza kusoma mwenyewe, wakati sikio lake linaelewa hadithi ngumu kuliko jicho lake, maneno mapya mengi yanaingilia hapo. Acha kwenye sehemu tamu. Atakasirika, vizuri, kesho atakuja mwenyewe.

Na tafadhali usimuulize maswali ya mtihani kila akifunga kitabu. Muulize kama unavyomuuliza mtu aliyeangalia muvi: huyo jamaa alifanya nini sasa, we ungefanyaje. Ukisikia anaeleza mpaka anakatiza maneno, ameelewa.

Kuandika nako kupitie humohumo. Mtoto asiyependa kuandika insha atakuandikia ukurasa mzima wa namna ya kuvuka levo ngumu kwenye gemu yake, au barua ya kumwomba babu kitu. Ukisoma, sahihisha kosa la aina moja tu, leo herufi kubwa, wiki ijayo nukta. Ukijaza wino mwekundu ukurasa mzima hutaletewa ukurasa wa pili.

Hatua ya 4: Hesabu ndogo ndogo, lakini zisikose

Hesabu ndo inayovuja zaidi kwa sababu kusoma mtoto anakutana nako kila mahali, mabango, meseji, maelezo ya gemu, ila hakuna anayekutana na kutoa kwa kukopa barabarani. Hivyo hii lazima uiweke kwa makusudi.

Anza na lile kosa lake moja. Maswali manne au matano kwa siku, siyo ishirini, na siku ya pili rudia moja la jana, na baada ya wiki rudia moja la wiki iliyopita. Huko kurudia kwa kuachia nafasi kunashikiza kuliko kumalizia ukurasa mzima kwa mkupuo. Na ajaribu kukumbuka kwanza ndo aangalie mfano, asianze na mfano, kule kuhangaika kukumbuka ndo kazi yenyewe.

Tebo zinawatisha watoto bure. Tebo ya 1 mpaka ya 10 ina maswali 100, sawa, ila toa za 1, 2, 5 na 10 ambazo wengi wanazijua, halafu kumbuka 3 mara 8 na 8 mara 3 ni kitu kimoja, yanabaki 21. Mfundishe ya 9 kwa vidole (nyoosha vidole vyote kumi, 9 mara 4 unakunja kidole cha nne toka kushoto, kushoto vimebaki 3 kulia 6, jibu 36) yanabaki 15. Kumi na tano tu! Andika hizo 15 kwenye vikaratasi, kila siku mpe mbili au tatu. Mtoto akiona rundo linapungua anapata moyo.

Karata zinasaidia sana pia. Toa zenye picha, kila mtu anafunua moja, wa kwanza kuzidisha anachukua zote mbili. Mtu mzima ahesabu moja mbili tatu kimoyomoyo kabla ya kujibu la sivyo mtoto atanuna. Jikoni mpe kazi za vipimo: maelezo ni ya watu wanne leo tuko sita, vikombe vingapi? Hapo sehemu zinaingia bila kuitwa sehemu. Safarini mpe ramani, bado kilomita ngapi, tukienda mwendo huu tutafika saa ngapi, inakupunguzia na yale maswali ya "tumefika?"

Hatua ya 5: Projekti moja ya kwake mwenyewe

Hiki ndo kile kitu kikubwa. Kiwe na mwisho unaoonekana: gazeti la familia, bustani ya makopo, ramani ya mtaa aliyoichora kwa kupima hatua, mahojiano na bibi na babu yaliyorekodiwa na kuandikwa, ndege wote wanaotua kwenye ule mti. Yeye anachagua, wewe unaleta vifaa na unauliza maswali. Kishawishi cha kumfanyia ni kikubwa hasa ukiona anakosea, kaa chini.

Kama amekosa wazo kabisa mpe moja la kuanzia. Hili la bembea ya uzi silichoki, linataka uzi, ufunguo na saa ya kuhesabu sekunde. Funga ufunguo kwenye uzi wa mita 1, uning'inize kwenye fremu ya mlango, usukume kidogo tu, hesabu mara ngapi unaenda na kurudi ndani ya sekunde 30. Utapata kama 15. Sasa muulize, tukifunga funguo tatu badala ya moja itaenda mbio zaidi? Karibu kila mtu anasema ndiyo, na watu wazima pia. Wapime. Bado 15, uzito hauna neno pale. Mtoto atasema mmehesabu vibaya, vizuri, apime tena, hapo ndo sayansi inaanza. Muulize basi nini kitaibadilisha, muachie ajaribu kusukuma kwa nguvu tofauti, kufupisha uzi, atakuja kugundua ni urefu. Akifupisha mpaka sentimita 25, pima toka ulipofungwa mpaka katikati ya ufunguo, inakuwa kama 30. Urefu umebaki robo lakini mwendo umeongezeka mara mbili tu, siyo mara nne, na kwa mtoto wa miaka 11 au 12 hilo swali linaweza kula wiki nzima.

Mengine haraka haraka: kuchora mwezi kila usiku, mzunguko ni siku 29 na nusu kwa hiyo likizo inatosha kuuona wote na zaidi. Kusimika fimbo na kuweka alama kwenye ncha ya kivuli kila saa, atashangaa kwamba kivuli kifupi mara nyingi hakiangukii saa sita kamili (asiliangalie jua lenyewe lakini). Kuotesha maharage kwenye pamba, mengine gizani mengine dirishani.

Hatua ya 6: Simu, tivii na tableti

Sitakupa idadi ya masaa, kila nyumba ina hali yake. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miaka 3 na 4 skrini ya kukaa tu isizidi saa 1 kwa siku, na kwa miaka 5 mpaka 17 wanataka wastani wa angalau dakika 60 za mwili kutoka jasho kila siku. Anza na hiyo ya pili. Mtoto aliyekimbia, aliyesoma na aliyelala, skrini iliyobaki haina nafasi ya kumharibu sana.

Inayosaidia kuliko kuhesabu ni mpangilio: kwanza yale ya asubuhi, ndo skrini. Pili, zima ile ya vidio kujiwasha yenyewe baada ya nyingine kuisha, hiyo ndo inayokula watoto. Tatu, ikae sebuleni siyo chumbani, na chaji ya usiku iwe chumbani kwako. Tena nawe simu yako weka pale pale, watoto wanaona.

Na tofautisha kula na kupika. Mtoto anayetengeneza gemu yake kwenye Scratch, programu ya bure iliyoanzia chuo cha MIT Marekani, imelengwa miaka 8 mpaka 16 na lugha unaweza kuiweka Kiswahili, huyo hayuko sawa na anayeteleza vidio fupi fupi kwa kidole. Wote wako kwenye skrini lakini mmoja anafikiri.

Hatua ya 7: Acha aseme "naboeka"

Atasema. Usikimbilie kumtumbuiza, wewe siyo redio. Mwambie pole, nna kazi ya vyombo kama unataka. Atapotea ghafla, na baada ya nusu saa utakuta maboksi yamekuwa meli. Hii inafanya kazi kama kuna vitu vya kushika nyumbani, maboksi, gundi, kamba, nguo chakavu, karatasi, na kama skrini haiwi jibu la kila kuboeka. Kwenye maji tu ndo hakuna kumwachia, mtoto akiwa majini mtu mzima anaangalia bila simu mkononi.

Hatua ya 8: Wakubwa wa miaka 13 na kuendelea

Hawa usiwapangie dakika 20 na vikaratasi, utachekwa. Kaa naye kama mtu mzima mwenzio: muhula ujao somo gani linakutisha, unataka kulifanyaje. Akubali mada mbili au tatu na tarehe za kumaliza, wewe ukaguzi mara moja kwa wiki. Mpe majukumu yenye uzito, apange safari ya familia ndani ya bajeti, amfundishe mdogo wake zile tebo, ajitolee sehemu, ajifunze kupika siku nzima peke yake. Kumfundisha mdogo wake kunamrudia mwenyewe, huwezi kumweleza mtu kukopa kwenye sifuri kama wewe unabahatisha.

Hatua ya 9: Siku kumi za mwisho

Kinachowaangusha wengi wiki ya kwanza ya shule ni usingizi, masomo yanafuata nyuma. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanasema miaka 6 mpaka 12 walale masaa 9 mpaka 12, na miaka 13 mpaka 18 masaa 8 mpaka 10. Mtoto aliyekuwa analala saa sita usiku huwezi kumrudisha saa tatu kwa siku moja, mvute dakika 15 au 20 kila siku, na anza na kumwamsha mapema, maana ukianza na kumlaza mapema atakuwa anaangalia dari tu. Kwa kijana aliyechelewa sana anza hata wiki mbili kabla.

Siku hizo hizo rudia yale mawili ya hatua ya kwanza. Mpe tena 502 kutoa 178, bila kumkumbusha chochote. Akipata, muonyeshe daftari la zamani ajione alivyokuwa. Akikosa, mwandikie mwalimu kikaratasi kifupi siku ya kwanza: bado anageuza akikutana na sifuri, tumefanya hivi na hivi.